Ameniletea daftari nitie saini, kalamu imenishinda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mwalimu wa urubani huku Marekani. Nafundisha kwenye kiwanja kidogo kisicho na mnara wa kuongozea ndege, pale ambapo kila mtu anamjua mwenzake kwa jina na kwa namba iliyo ubavuni mwa ndege yake. Nina miaka mitatu katika kazi hii. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe nusu ni la urubani na nusu ni la malezi yangu, na hiyo nusu ya pili sina wa kumweleza hapa akanielewa.

Kuna mzee mmoja, nimwite Mzee J. Ana miaka 78. Alianza kurusha ndege mama yangu akiwa bado msichana. Nilipofika hapa na leseni mbichi na mfuko mtupu, yeye ndiye aliyeniachia ndege yake ndogo, Cessna 172, nijikusanyie saa za angani, nikilipia mafuta tu. Ualimu huu nisingeufikia bila yeye. Mkewe alinipokea kama binti yao. Huwa naketi mezani kwao.

Kwa wasioijua sheria ya hapa: kila rubani mwenye leseni, hata awe na saa elfu ngapi, ndani ya kila miezi 24 ya kalenda lazima akae na mwalimu kwa mapitio. Angalau saa moja ardhini kupitia kanuni, na angalau saa moja angani. Mazoezi ya angani anayachagua mwalimu. Akiridhika, anaandika na kutia saini kwenye daftari la safari la rubani. Muda ukipita bila saini hiyo, rubani haruhusiwi tena kuwa nahodha wa ndege. Ya Mzee J inaisha mwisho wa mwezi huu.

Tuliruka juma lililopita. Ardhini alikuwa sawa kabisa. Kanuni za anga anazijua kuliko mimi, hali ya hewa aliisoma vizuri, na uzito wa ndege alipiga hesabu kwa penseli akapata jibu kabla yangu mimi niliyeshika simu. Angani ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Kwenye mzunguko mkali, ndege ikiwa imelalia ubavu kwa nyuzi 45, alipoteza futi 300 za kimo na hakuonekana kugundua. Tuliporudi kwenye mzunguko wa kutua, ile njia ya kukizunguka kiwanja kabla ya kushuka, rubani mwingine alijitangaza redioni, mara mbili, kwamba yuko mbele yetu. Mzee hakusikia. Alikata kona kana kwamba anga ni yetu peke yetu, mpaka nilipomwonyesha kwa kidole.

Tulitua mara nne. Ile ya tatu ndiyo isiyonitoka kichwani. Upepo ulitusukuma tukaupita mstari wa njia ya kutua, naye badala ya kuacha na kwenda kuzunguka upya, akakanyaga pedali ili aikaze ile kona, huku mkono ukivuta usukani. Pua ikapanda, mwendo ukashuka, tukiwa kama futi 400 kutoka ardhini. Ile filimbi ya kuonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kubeba ikaanza kulia, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Nikasema, "Ndege ni yangu." Akaachia hapohapo, bila neno. Nikasukuma pua chini, nikaongeza nguvu ya injini, tukapanda, nikamrudishia, tukazunguka, akaja akatua. Kutua kwenyewe kulikuwa kuzuri. Wala hatukulizungumza.

Tulipofika bandani akasema tu, "Upepo ule!" Kisha akanipa daftari lake. Alikuwa amelifungua kabisa, na kalamu ameiweka katikati. Pale juu ya ukurasa palikuwa na saini ya mapitio yaliyopita. Ni saini yangu.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, Shangazi. Miaka miwili iliyopita nilikuwa mgeni kwenye ualimu. Tuliruka saa moja, akaruka vizuri kweli. Lakini ile saa ya ardhini ilikuwa dakika 20, nyingine zote tulikuwa tunaongelea wajukuu wake. Nikaandika saa moja. Nilijiambia mtu kama huyu mimi nitamfundisha nini.

Safari hii nilimwambia nina mwanafunzi ananisubiri, daftari nitalipitia kesho. Ni uongo. Tangu siku hiyo namkwepa. Wajukuu wake wawili wanakuja, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu amewaahidi kuwarusha. Tangu Oktoba amepanda ndege mara tatu tu, baridi ilikuwa kali, kwa hiyo ana hamu sana. Juzi mkewe alinipigia simu, sikupokea. Akaacha ujumbe: "Nipigie, mpenzi, ni kuhusu yule bwana na ndege." Sijui anataka kunisihi nisaini au nisisaini.

Mwalimu mwenzangu hapa ameniambia nisijitese. Kwamba nikikataa, mzee atakwenda kiwanja cha pili na atasainiwa kabla chai haijapoa, kwa hiyo nitakuwa nimepoteza rafiki na sijaokoa mtu. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa hakosolewi, na aliyekutendea wema humlipi kwa kumvua nguo. Nikisaini, na Jumamosi ile kona ijirudie na watoto wakiwa kiti cha nyuma? Nisiposaini, nimemfelisha mtu aliyenifanya niwe nilivyo, na nimeimaliza ndege yake. Nifanye nini?

Mwenye kalamu nzito


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi ndege naijua kwa kukaa dirishani na kushika mkono wa kiti, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimtafuta mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha huko huko Marekani, tukaongea jioni mbili. Ya sheria na ya usukani nitakayoyasema ni yake. Mengine ni yangu.

Umeniuliza kuhusu saini, usaini au usisaini. Lakini katika barua yako yote, kuna jambo moja ambalo halijatokea: hujamwambia Mzee J ulichokiona. Umeniambia mimi, umemwambia mwalimu mwenzako, yeye hujamwambia. Ana "upepo ule" tu. Kwa anavyojua yeye, ameruka na binti yake, wameshtuka kidogo, na daftari lipo njiani linarudi. Ungesaini leo asingejua ulikuwa na wasiwasi. Ungekataa leo angeshangaa, na angekuwa na haki ya kushangaa.

Umeandika kwamba usiposaini utakuwa "umemfelisha". Mstaafu wangu alinikatiza niliposoma neno hilo. Alisema mapitio haya hayana kufeli, yalitungwa hivyo makusudi. Siyo mtihani, wewe siyo mtahini, na hakuna pa kuandika kwamba fulani ameshindwa. Mwalimu asiporidhika anaandika safari ile kuwa ni mafunzo aliyoyatoa, saa kadhaa, mazoezi haya na haya, anatia saini ya mafunzo, basi. Atakayelifungua daftari lile mwakani hataona doa. Na ile saa moja ardhini na saa moja angani ni kiwango cha chini. Cha juu hakikuwekwa. Mapitio yanaweza kuchukua siku tatu, au wiki tatu. Nikamuuliza, kwa hiyo mapitio ya Mzee J yamekwishakwisha au bado yanaendelea? Akacheka. "Hilo atasema mwalimu wake."

Sasa nikupe upande wa pili, nao hautakufurahisha. Mapitio yake yanaisha mwisho wa mwezi. Safari ya wajukuu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huohuo. Hesabu mwenyewe. Miezi 24 ya kalenda inakwenda mpaka siku ya mwisho ya mwezi, na kutosainiwa mapitio mapya hakufuti yale ya zamani ambayo bado yana siku. Maana yake siku ile ana haki ya kukaa kiti cha nahodha kwa saini ile ile ya miaka miwili iliyopita. Yako.

Kuna na jingine. Kubeba abiria kunataka awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Baridi ile ingeweza kumfunga kwa kanuni hiyo. Lakini alitua mara nne akiwa na wewe, na moja tu ndiyo uliyoingilia. Tatu zilizobaki, ikiwa hukugusa kitu, zinahesabika. Kwa kifupi, safari iliyokutia hofu ndiyo iliyomrudishia ruhusa ya kuwapandisha wale watoto.

Sikuambii haya ili uzidi kukosa usingizi. Nakuambia kwa sababu umekaa siku nane ukiilinda kalamu, ukidhani kalamu ndiyo inayowalinda watoto. Kwa Jumamosi ile haiwalindi, usaini au usisaini. Kama kuna kitu kinachoweza kuwalinda, ni mazungumzo ambayo umekuwa ukiyakimbia.

Nakwenda kwenye hukumu uliyoipitisha bila kuitamka. Barua yako imeanza na umri wake, miaka 78, halafu ikaorodhesha makosa, na msomaji yeyote atayaunganisha mwenyewe: mzee amechoka. Huenda. Lakini katikati ya sentensi moja, kama kitu kisicho na uzito, umeandika kwamba tangu Oktoba amepanda ndege mara tatu tu. Nilimsomea mstaafu mstari huo akasema, "Mpe kijana wa miaka 28 aliyepanda mara tatu tangu Oktoba, siku ya upepo, uone kona yake." Ile ya kuikaza kona kwa pedali, alisema, ni kosa ambalo kila mwalimu amewahi kumshika mtu nalo, na waliokufa kwalo ni wa umri wote. Bawa linaposhindwa ndege ikiwa imejipinda namna ile, upande mmoja huanguka kabla ya mwingine, na futi 400 hazitoshi kuirudisha. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli kabisa. Chanzo chake ndicho bado hatukijui.

Hakusikia redio. Je, ni masikio, au ni hedifoni? Mstaafu aliwahi kuwa na mwanafunzi mzee aliyekuwa akipitwa na kila tangazo, akawa tayari kumwambia aache, mpaka siku moja alipovaa hedifoni za mwanafunzi huyo yeye mwenyewe. Sponji lilikuwa limepasuka likaungwa na plasta, upande wa kushoto ulikuwa unaingiza ngurumo yote ya injini. Kubadilishana hedifoni kwa robo saa hakugharimu kitu. Je, anameza dawa gani siku hizi? Usimuulize kwa kumpeleleza, muulize kama unavyotakiwa kumuuliza rubani yeyote. Dawa za mafua, za mzio na za kusaidia usingizi zinazouzwa bila cheti nyingi zina diphenhydramine, na Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, inataka rubani akishaimeza asubiri saa 60 kabla ya kurusha ndege. Watu wengi hudhani wakishaamka imekwisha. Je, miwani ni ya mwaka gani? Je, alilala? Je, kuna jambo nyumbani?

Hapo hapo nikutahadharishe na mimi mwenyewe, maana naona nimeanza kukupa visingizio. Futi 300 zilizopotea bila yeye kugundua zinanisumbua kuliko ile kona. Kukosea ni kitu kimoja, kutojua kwamba umekosea ni kitu kingine. Mtu anayekosea akajua, kutu inamtoka kwa mazoezi. Asiyejua anahitaji macho mengine, labda ya daktari. Wewe si daktari, na hakuna anayekutaka uwe. Ila sheria yenu inamzuia rubani mwenyewe kuruka akiwa anajua, au ana sababu ya kujua, kwamba afya yake haimruhusu, hata cheti chake cha afya kikiwa bado hai. "Sababu ya kujua" wakati mwingine huletwa na mtu aliyekaa kiti cha pembeni.

Tuje kwenye malezi, ile nusu uliyosema hakuna anayekuelewa. Nakuelewa. Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini hebu tumtazame mzee yule kwenye kile kiti. Ulisema, "Ndege ni yangu." Mtu mwenye miaka zaidi ya 50 angani, ndani ya ndege yake mwenyewe, akiambiwa na msichana aliyemlea, aliachia hapohapo bila neno. Hakubishana, hakushikilia hata nusu sekunde. Unamsoma vipi mtu huyo? Mimi namsoma kama mtu anayekuheshimu kazini, ambaye amekwisha kukubali kwamba mle ndani, mkubwa ni yule anayeona hatari kwanza. Unayeona kumkosoa ni kumvua nguo ni wewe. Yeye sijui kama anaona hivyo.

Au labda aliachia kwa sababu alikuwa hajui tena afanye nini. Inawezekana pia. Na lile daftari lililofunguliwa tayari, kalamu katikati, nalo naweza kulisoma namna mbili: kiburi cha mtu anayedhani saini ni haki yake, au haraka ya mtu anayeogopa swali. Wewe unaujua uso wake, mimi siujui.

Wasomaji wengine watakuandikia kwamba hii ni kama kumnyang'anya baba funguo za gari. Mfano huo siupendi. Funguo hunyang'anywa na familia, jikoni, kwa kelele, bila utaratibu, na baba huambiwa tu basi. Nyinyi mmepewa utaratibu: kila miaka miwili mtu wa pembeni anakaa na wewe, anakutazama, halafu mnaongea. Mwongozo wa FAA kwa walimu unawataka waanze kwa kumuuliza rubani anaruka safari za namna gani, kisha wapange pamoja yale mapitio yatakayogusa, na wakitua wakae chini waongee kilichotokea. Kuongea baada ya kutua ni sehemu ya kazi yenyewe. Ninyi mlishuka, mkasema upepo, mkaachana. Mapitio yenu yamekosa kipande.

Na kipande kingine kilikosekana miaka miwili iliyopita. Umeita aibu, nami sitaipaka sukari. Kuandika saa moja pale palipokuwa na dakika 20 ni kuandika uongo kwenye daftari la rubani, na kwa sheria ya huko jambo hilo peke yake linatosha kumpotezea mtu vyeti vyake. Sikuambii ukajisalimishe na sikuambii ukae kimya; ukitaka kulifikiria kwa uzito, kuna mawakili wa mambo ya anga, anza na mmoja wao kabla hujaandika chochote popote. Ninachokuomba ni kitu kidogo zaidi. Jiulize ni nani unayemhukumu safari hii. Nahofia kuna mizani mbili ndani yako. Moja inasema: nilimlegezea, sasa nimbane, nijisafishe. Nyingine inasema: nilimlegezea, nikimbana sasa nitajifichua. Zote mbili zinakuhusu wewe. Wala haimo yoyote inayopima ile kona.

Njia nazoziona ni hizi, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kuendelea naye. Umwambie mapitio hayajaisha, mrudi mara mbili au tatu: kwenda polepole kwa usalama, kuacha kutua na kuzunguka upya, zile kona za mwisho mkizifanya kwanza juu sana ambako kosa halina gharama. Hii ndiyo iliyonivutia zaidi, na kwa hiyo ndiyo ninayoishuku zaidi. Mwiba wake ni kwamba anaweza kuzikariri zile kona zako, siku ile, uwanja ule, upepo ule, na wewe ukasaini kwa furaha kitu ulichokifundisha juma lile lile. Hata hivyo, saini yako haitabiri miezi 24 ijayo. Inasema kwamba mbele yako, siku hiyo, alifanya kwa kuridhisha. Ukubali kwamba inasema hivyo tu, na baada ya hapo yeye ni mtu mzima.

Unaweza kumwomba aruke na mwalimu mwingine mnayemheshimu nyote wawili, kwa sababu wewe ni binti yake na macho yako yana machozi. Sheria haimfungi kwako, mwalimu yeyote mwenye cheti na sifa kwa ndege ile anaweza kumpitia. Kuna heshima kubwa kwenye kusema, "Mzee, mimi na wewe tumekaribiana mno kwa kazi hii." Mwiba: huenda ukawa unakimbia mara ya pili, safari hii kwa adabu nzuri. Na ikiwa utamkabidhi kwa mwingine bila kusema ulichokiona, huyo mwingine ataanza gizani.

Lile la mwenzako, kwamba kiwanja cha pili watasaini kabla chai haijapoa, huenda ni kweli, na huna namna ya kulizuia. Lakini angalia limekuficha nini. Mzee akienda huko hajui kitu, atakwenda kuchukua saini. Akienda huko ameshasikia kutoka kwako, kwa upole, kuhusu futi 400 na ile filimbi, atakwenda na habari hiyo kichwani. Hizo si safari moja.

Kuna wanaofika mahali pa kuripoti kwa FAA, ambayo ina mamlaka ya kumwita rubani yeyote ajaribiwe upya. Nakutajia kwa kuwa ipo. Kwa mtu ambaye bado hujamwambia neno moja usoni, mimi ingenishinda. Ila kama utamwambia, akakucheka, akawapakia watoto huku upepo ukivuma kama siku ile, sina hakika kama ingeendelea kunishinda.

Na kuna njia ambazo si ndege wala kuacha ndege, ambazo naona hujazifikiria kwa sababu umeandika "nimeimaliza ndege yake". Rubani wa starehe huko hana umri wa kustaafu. Wa mashirika ndio wanaoshushwa wakifika 65. Wako wazee wengi wanaoruka na rubani mwenzao kiti cha kulia, kila mara, kwa hiari. Wako wanaoruka peke yao asubuhi tulivu na abiria hawabebi. Jumamosi ile inaweza kuwa hivyo hivyo: wewe ukawa nahodha kwenye kiti cha kulia, yeye kushoto ameshika usukani, wajukuu nyuma wakimpigia kelele babu. Watoto hawajui nani nahodha kwenye karatasi. Lakini yeye atajua, na kwa wengine kujua huko kunauma kuliko kubaki chini. Muulize, usimchagulie.

Utaanzaje? Mstaafu alinipa alichokuwa akifanya, nikakipenda. Alikuwa hasemi alichokiona yeye kwanza. Mkiwa mmekaa, injini zimepoa, anachora ule mzunguko wa kutua kwenye karatasi, anampa rubani penseli, anauliza, "Ile ya tatu, nionyeshe tulikuwa wapi filimbi ilipolia." Halafu ananyamaza. Mzee wako anapiga hesabu kwa penseli. Akichora vizuri, akaweka kidole pale pale, akasema hapa ningeacha nikazunguka, una mazungumzo ya aina moja. Akisema filimbi gani, una ya aina nyingine. Wala hutahitaji mimi kukuambia ni ipi.

Mpigie mama yule leo, lakini kabla hajaanza mwambie kwamba utaongea na mumewe kwanza, na kwamba ya mumewe na ndege huwezi kuyajadili nyuma ya mgongo wake. Kisha msikilize. Huenda ameona jambo nyumbani ambalo wewe hukuliona angani, naye amekaa nalo siku nane kama wewe. Huenda anataka tu kukuuliza keki ya wajukuu iwe na umbo la ndege gani.

Halafu mrudishie mzee daftari lake, kwa mkono, wewe mwenyewe. Liko kwako tangu juma lililopita, na huko ni kukaa na mali ya mtu.

Shangazi